Dada Aliye Ng'ambo ya Kizuizi

Waombolezaji wenzetu, na wewe shangazi yetu uliyesimama ng'ambo ya kizuizi, ambaye kwa ajili yako familia imeomba historia hii isomwe hapa kwenye uwanja wa kituo cha mpaka, kwa kipaza sauti, ili nawe usikie.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1955, mtoto wa pili na wa mwisho, akafiwa na mama angali ananyonya, akalelewa mgongoni mwa dada yake, huyohuyo shangazi. Alisoma hapahapa mjini hadi sekondari, na mwaka 1976 akaajiriwa Uhamiaji, katika kituo hiki, enzi ambazo msafiri alitaja tu jina na aendako, naye akimwambia pita, wasalimie nyumbani, hata watu wakambandika jina la Pita. Dada yake aliolewa ng'ambo mwaka huohuo, na kila Jumapili alivuka kuja kumpikia na kumgombeza kwa vyombo vichafu, mpaka marehemu naye alipooa, tarehe 12 Juni 1982, akajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1984 zikaja pasi, mwaka 1998 viza, kisha alama za vidole, kila sheria ikitangazwa kuwa ya muda, na hakuna hata moja iliyoondolewa. Mwaka 2009, akiwa mkuu wa kituo, aliitwa kwenye kamati ya sera, akasema mpakani kuna watu wanaofiwa na kaka yuleyule mara tatu kwa mwaka, kamati ikaangua kicheko, na kwa ushauri wake ruhusa ya kuvuka kwa msiba ikabaki kwa mzazi, mwenzi na mtoto tu. Dada yake alikuwa na kibali cha wakazi wa mpakani, basi marehemu hakuona neno. Vibali hivyo vilifutwa mwaka 2017, yeye akiwa ameshastaafu, na jina la Pita lilikuwa limebaki mdomoni mwa dada peke yake.

Aliugua figo tangu Agosti 2021, na akiwa hoi kitandani aliwapigia simu vijana aliowafundisha kazi mwenyewe, akiwasihi dada aruhusiwe, nao wakamjibu kwa adabu zote, shikamoo mkuu, sera itapitiwa upya mwakani. Jibu hilo lilimuuma kuliko sindano. Alifariki tarehe 9 Februari 2023, akimwita dada.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta viti na maturubai, na maafisa wa kituo, waliokubali jeneza lisogezwe hadi kwenye kizuizi, ingawa chuma hakitainuliwa.

Shangazi, tunamleta, nyoosha mkono, utamfikia.

Pumzika kwa amani, Pita, dada yako amekuja.