Njano Gani? Maisha ya Mzee Subiri na Mawe Yake ya Kalsaiti

Marehemu, ambaye sisi wa nyumbani tulimwita Baba Mdogo na wafanyakazi wenzake wakamwita Mzee Subiri, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1954, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga unga. Baba yake alikuwa mchimba visima, mama yake alifua nguo za watu. Alipokuwa na miaka saba, baba yake alipanda kutoka shimoni na jiwe mfukoni, limejaa ncha kama meno ya mbwa, akawapa watoto wachezee. Ndugu zake walitaka kulengea makopo. Yeye aliliosha, akalala nalo. Bibi yetu akasema, "Wenzangu wamezaa watoto, mimi nimezaa mwashi."

Alianza shule mwaka 1962, akamaliza darasa la nane Novemba 1969. Kwenye ripoti yake ya mwisho, ambayo bado ipo, mwalimu wa jiografia aliandika: "Ana akili, ila anatazama chini mno." Alifaulu kuendelea, lakini mwaka huohuo ukuta wa kisima ulimwangukia baba yake ukamvunja nyonga, na masomo yakaishia hapo. Hakuwahi kumlaumu mtu. Hata mimi nilipoacha diploma njiani, ukoo mzima ukiwa na la kusema, yeye aliniuliza tu, "Umeacha, au umepumzika?"

Tarehe 2 Februari 1974 aliajiriwa kwenye machimbo ya chokaa. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mkanda unaopeleka mawe kwenye mashine ya kuponda, atoe mizizi na vyuma. Sasa, ndani ya mawe ya chokaa huwa kuna matundu, na humo maji hujenga fuwele za kalsaiti taratibu, kwa miaka ambayo hakuna aliyekuwepo kuihesabu. Kila alipoona kitu kinang'aa alipiga ukelele, "Subiri!" na mkanda ukasimama, na machimbo yote yakasimama. Jina likamganda. Msimamizi alimwandikia barua tatu za onyo, zote kwa kosa hilo moja. Ya nne aliiandika, kisha akaichana, kwa sababu alipoinua macho alikuta marehemu amemwekea mezani jiwe la waridi la kukandamizia karatasi.

Alipenda kutuonyesha kwamba kalsaiti ni moja ila haina sura moja. Kuna yenye ncha, kuna iliyolala bapa kama kurasa, kuna nyeupe ya maziwa na nyingine kama asali iliyoganda. Ukiipasua, kila kipande hutoka na mshazari uleule, kama kisanduku kilichokaliwa na mtu mnene. "Ni jiwe laini," alikuwa akisema. "Sarafu ya shaba tu inalikwaruza. Ndiyo maana linahitaji mtu." Alistaafu tarehe 30 Aprili 2014 akiwa na mawe mia mbili na kumi na mawili kwenye rafu za sebuleni. Televisheni ilikuwa imeshahamia chumbani.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na Mama Mdogo, mshonaji aliyekuwa akimtilia viraka kwenye ovaroli. Mifuko ilikuwa ikichanika kila wiki, na safari ya nne binti akamuuliza, "Kaka, humu unabeba nini, dhambi zako?" Akatoa jiwe, akaona haya, na Mama Mdogo anakiri kwamba jiwe halikumgusa hata kidogo, kilichomgusa ni ile haya. Mawe aliyaita wake wenzake. Lakini jicho la mumewe alilitumia: ni yeye aliyetumwa dukani kununua uzi, na kwa miaka yote hiyo hakurudi hata mara moja na rangi iliyokosea. Walijaliwa binti mmoja na mwana mmoja.

Mwaka 2016 presha ya macho ilianza kumwibia nuru, kwanza pembeni, kisha katikati. Kufikia Machi 2020 alikuwa haoni kabisa. Umbo la kila jiwe alilijua kwa vidole. Rangi ndiyo iliyompotea, na hilo lilimtesa kuliko kujigonga milangoni. Siku moja alimwinulia mkewe jiwe.

"Mama watoto, hili rangi gani?"

"Njano."

"Njano gani?"

"Njano ya njano, we mzee! Jiwe si jiwe tu?"

Hakubishana. Alilirudisha mahali pake, na siku kumi na moja hakugusa jiwe hata moja. Siku ya kumi na mbili aliniita, akaniagiza nitafute maboksi: mawe yote yarudi machimboni, yamwagwe kwenye mkanda. "Yasagwe," alisema. "Angalau yatakuwa ukuta wa nyumba ya mtu."

Nilifika na maboksi. Mama Mdogo aliacha cherehani katikati ya mshono, na wanaomjua wanajua kwamba hilo si jambo dogo. Akachukua lile jiwe la njano, akalipeleka dirishani, akaligeuza na kuligeuza hadi nikadhani amesahau kama tupo.

"Bitana ya koti la mwalimu mkuu," akasema.

Baba Mdogo akainua kichwa. "La mwaka themanini na sita?"

"Lilelile."

"Likiwa jipya, au alipolirudisha?"

"Alipolirudisha. Pale mgongoni, jasho lilipopafifisha."

Midomo ikamcheza. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu macho yafe. "Nimeliona," akasema. "Lete jingine." Nami nikarudi nyumbani na maboksi yangu matupu.

Tangu siku hiyo, kila alasiri cherehani ilipumzika saa nzima. La kijani likawa sketi za shule zilizofuliwa muhula mzima. La chungwa likawa pazia la kinyozi. La waridi likawa gaguro la jirani mmoja ambaye yuko hapa leo, na heshima inanizuia nisimtaje. Walizunguka rafu zote, wakaanza upya, kwa miaka minne.

Vumbi la machimbo nalo lilikuwa likimsubiri. Kifua kilimshinda, akalazwa tarehe 22 Julai 2024, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 30 Julai, Mama Mdogo alimpelekea jiwe moja ambalo miaka yote hiyo alikuwa akilikwepa. Lilikuwa kalsaiti angavu kama maji, isiyo na rangi yoyote. Ukitazama kitu kupitia jiwe la namna hiyo, kinaonekana mara mbili. Alilikalisha juu ya kidole cha mumewe, akainama.

"Mbona kimya?" marehemu akauliza.

"Hili sina nguo yake, mume wangu. Halina rangi. Naona kidole chako tu."

"Kikoje?"

"Kimekonda. Ila viko viwili."

Akavuta pumzi, akapumzika, akavuta nyingine. "Basi shika kimoja," akasema.

Alikishika. Saa saba na dakika kumi mchana marehemu akaiaga dunia, akiwa na umri wa miaka sabini. Nesi alilazimika kumwambia Mama Mdogo mara mbili kwamba sasa anaweza kuachia.

Marehemu ameacha mjane, binti, mwana, mkwe, wajukuu watano, dada mmoja na kaka mmoja, na sisi watoto wa ndugu zake, ambao wengine bado tumepumzika.

Mungu ampokee penye mwanga.