Hyasinti Kapinga na Taa za Pikapu ya Kaka Yake

Marehemu Hyasinti Kapinga alizaliwa Maguu tarehe 14 Agosti 1966, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Romanus na mama Hildegardi, wakulima wa kahawa. Kaka yake Nazari alimzidi miaka minne, na alimbeba mgongoni mpaka majirani wakamwita yaya. Walikula sahani moja hadi wakaota ndevu.

Alisoma shule ya msingi kijijini, 1974 hadi 1980. Hesabu zilimshinda, tusidanganyane mbele ya jeneza, lakini redio ya mwalimu mkuu ikiharibika aliitwa yeye. Mwaka 1985 alikwenda Songea kujifunza umeme wa magari, na mwaka 1992 akafungua kibanda chake Mbinga mjini, karibu na stendi.

Hapo alijulikana kwa kazi moja: taa za nyuma zilizoingia maji. Kwa mvua na ukungu wa Mbinga, wateja hawakukosekana. Alibandua kioo cha taa kwa maji ya moto, akakausha ndani, akasugua kutu panapokaa balbu, kisha akapaka silikoni pembeni taratibu kama anayepamba keki. Jua likigoma, alikimbilia saluni ya jirani kuomba drayer. Mwenye saluni, Gertrude wa Lituhi, alimfokea: "We kaka, wateja wangu wamekaa na vichwa vibichi, wewe unanikaushia taa ya Land Rover!" Kesho yake Hyasinti akarudi na taa nyingine. Walifunga ndoa tarehe 23 Juni 2001. Hawakujaliwa mtoto. Gertrude alifariki Novemba 2010, na tangu hapo Hyasinti alipika chakula cha mtu mmoja.

Sasa ni jambo ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe.

Mei 2013 alitengeneza taa zote mbili za nyuma za pikapu ya kaka yake. Chini ya taa kuna vitundu vidogo vya kutolea unyevu, na fundi havigusi. Yeye, kwa kutaka za kaka yake zisiingie hata tone, aliviziba vyote. Unyevu ukabaki ndani, balbu zikafa. Wiki ya tatu, jioni ya ukungu, kwenye mlima wa Maguu, lori halikuiona pikapu, likaigonga kwa nyuma. Nazari alivunjika mguu, na hadi leo anatembelea fimbo.

Pikapu ilipovutwa hadi Mbinga, Hyasinti alizifungua taa, akakuta maji na silikoni yake mwenyewe. Hakumwambia mtu. Hakwenda hospitali. Hakupanda tena Maguu, si Krismasi, si msiba. Karibu miaka kumi na miwili, jamani!

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Aliyempelekea uji alikuwa Scholastica, binti wa Nazari. Februari mwaka huu wa 2025 alimwambia: "Mwanangu, mimi ndiye niliyemvunja baba yako mguu. Nikifa lisomwe, watu wasikie." Scholastica alipanda Maguu, akamweleza baba yake yote. Nazari akasema, "Nilijua wiki ile ile. Fundi aliyeitengeneza pikapu baada ya ajali alinionyesha vitundu vilivyozibwa. Nilikuwa namngoja aje tu, ale."

Alijiandaa kushuka siku iliyofuata, lakini mvua ilikata barabara siku mbili. Hyasinti alifariki Jumatatu tarehe 3 Machi, saa kumi na moja alfajiri. Nazari alifika saa nne asubuhi. Inauma, na itaendelea kuuma.

Chini ya kitanda chake ilikutwa khanga ya Gertrude. Ndani yake mlikuwa na taa mbili za nyuma za pikapu kama ile, kavu kabisa, vitundu vya chini vikiwa wazi, na karatasi: "Za kaka." Jana Nazari alisimamia zikifungwa kwenye pikapu yake. Leo pikapu hiyo ndiyo iliyompandisha Hyasinti nyumbani, na ninyi mliofuata nyuma katika ukungu mliziona zikiwaka njia nzima.

Marehemu ameacha kaka yake Nazari, shemeji yake Margareta, watoto wa kaka watatu, na mashemeji wa Lituhi.

Apumzike kwa amani Hyasinti, amefika kwa kaka yake.