Jicho la Pili la Ato Belachew

Marehemu Ato Belachew Wondimneh alizaliwa Debre Tabor tarehe 12 mwezi wa Hidar 1952 kwa kalenda yetu ya Ethiopia, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, akiwa mtoto wa kwanza wa Ato Wondimneh na Weizero Tiruye. Mama alisimulia kwamba tangu akinyonya alimtazama kinywa, hakumtazama macho.

Alisoma shule ya kanisa, kisha ya serikali hadi darasa la sita. Siku moja mwalimu alimfokea, meno yote nje. Belachew akacheka naye, akidhani ni mzaha. Alichapwa vibaya, akarudi nyumbani akiuliza kosa lake ni lipi.

Mwaka 1967 alianza kujifunza uchoraji wa kanisa kwa Aleka Mersha, mwalimu wa kanisa, aliyempa kanuni ya kazi: mwema huchorwa uso mzima, macho mawili; mwovu huchorwa kwa upande, jicho moja. Marehemu alitoka nayo kanisani kanuni hiyo. Alichora nyuso za watu kwenye kadi ndogo na kuandika chini yake: hasira, hofu, furaha. Aliyemdanganya alimgeuza upande. Majirani wakawa wanavuka barabara wakimwona na kalamu, na siwalaumu. Nyuso zile zilikuwa kimya mno.

Tarehe 21 Tir 1977 alimwoa Asnakech. Mkewe alizoea kumtajia, "Belachew, nimekasirika," kwa sauti ileile ya kumwambia chakula kiko tayari, na ndoa yao ilikuwa ya raha. Asnakech alipofariki mwaka 2009, marehemu alipita kati ya waombolezaji, akiinamia uso mmoja baada ya mwingine na kunong'ona, "Huu ni upi?" Wengine waliondoka kabla hajawafikia.

Ndipo binti yao, Meaza, akampeleka Addis Ababa. Madaktari walimvika kofia ya nyaya, wakamwonyesha picha za nyuso. Tulielezwa kuwa tabia za usonji wengi wetu tunazo, huyu chache, yule nyingi, na kwamba ubongo wa marehemu ulichelewa kuzijibu nyuso zenye hofu.

"Hofu inamfikia," daktari alisema. "Jina lake tu ndilo halifiki."

Mwezi wa Miyazya 2016 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Dada yake mdogo, Yetemwork, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, aliambiwa majibu kwanza. Alipoingia wodini, marehemu alimtazama kinywa.

"Huo ni upi, Yetem?"

"Furaha, kaka. Utapona."

Akachukua kadi, akachora. Hakuuliza tena uso wa mtu yeyote. Alifariki tarehe 3 mwezi wa Pagume mwaka huohuo, saa sita mchana.

Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, dada mmoja na masanduku matatu ya kadi.

Kadi ya mwisho ni yangu, ninayo mkononi. Chini aliandika "furaha", akalikata neno hilo kwa mstari, akaandika "hofu". Amenichora kwa upande. Lakini karibu na sikio, mahali ambapo uso wa namna hiyo hauna nafasi, ameongeza jicho la pili. Yote mawili yananitazama ninaposoma.

Ulale kwa amani, kaka. Ilikuwa hofu.