Safu ya Tatu Kutoka Kisimani

Basi lilikuwa likiwarudisha watu kutoka soko la wakulima na shamba la mvinyo. Mshonaji mmoja alijifanya amesinzia, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele.

"Ile mizabibu mwenye shamba anayosema ilipandwa na babu yake," alisema bibi mwenye kikapu cha nyanya, "niliipanda mimi na marehemu dada yangu. Safu ya tatu kutoka kisimani. Miaka kumi na minane nimechuma pale, mvinyo wenyewe ndio kwanza nimeuonja leo."

"Na ukanyamaza, mama?" Mwalimu aliyeketi naye alikuja juu utadhani shamba ni lake. "Ungemuumbua palepale!"

"Ili iweje? Mimi nilikwenda kuiona mizabibu, mwanangu."

"Kunyamaza kwenu ndiko kunakowapa kichwa wenye mashamba!"

"Na kelele zako zingenirudishia dada?"

Basi likasimama. Bibi akashuka na nyanya zake.

Mshonaji akatoa simu, akaitazama picha aliyopiga shambani. Mwenye shamba anatabasamu meno yote nje. Nyuma yake bibi yule ameinama, anafunga tawi la mzabibu lililolegea kwa kipande alichochana kwenye mtandio wake, wala haangalii mikono.