Seng'enge Kando ya Tarach

Sogeeni karibu, wanangu, niongezeeni mto mmoja mgongoni, maana sauti yangu imekuwa kama redio yenye betri zilizochoka na sitaki kesho mbishane juu ya nilichosema. Akoru, acha kunishika mkono kama unayepima mapigo ya moyo. Leo wewe si nesi, ni binti yangu. Erupe, kaa hapo mbele nikuone. Na wewe Elyse, mwanangu, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Nimetuma uitwe kutoka Kakuma kwa sababu maneno ya leo ni yako pia.

Daktari alikuja jana. Akaziangalia karatasi za figo zangu, halafu akaviangalia viatu vyake kwa muda mrefu, na mimi niliyezoeana na maafisa wa mipakani nikamjua mtu anayetafuta namna ya kukwambia hupiti. Sina kinyongo. Nimeendesha lori kutoka Mombasa mpaka Juba, nimelala Malaba wiki mbili nikisubiri muhuri mmoja, nimekula samaki wa Kerio na ugali wa Lusaka, na miaka hamsini na tisa si michache kwa mtu aliyeendesha gari vile nilivyoliendesha. Mama yenu anacheka. Jebet ni shahidi, alikuwa kwenye kiti cha abiria.

Nyumba hii ya Lodwar ni yake, asiulizwe na mtu, awe wa kwetu Lokori au wa kwao Kabarnet. Ngamia ni watano: wawili wa Akoru, wawili wa Erupe, na yule anayeuma watu mpeni shemeji yangu, yeye mwenyewe anajua kwa nini.

Sasa shirika. Mnaijua hadithi tunayowasimulia wageni, kwamba mimi na mama yenu tulianza na sanduku moja la dawa nyuma ya lori, yeye akidunga sindano na mimi nikiwashika watoto wasikimbie, hadi leo tuna zahanati kando ya mto Tarach na madarasa saba ya watoto wa wafugaji. Ni kweli yote. Ila kuna kipande ninachokiruka kila mara. Nimekiruka miaka kumi na miwili, na leo sikiruki.

Tulipomaliza kuijenga ile zahanati nilizungusha seng'enge, nikashinda mchana kutwa nikijisifu. Ndani ya seng'enge nilikuwa nimefungia migunga mikubwa kumi na mmoja. Mimi, Mturkana, niliyezaliwa kwa watu ambao kila mgunga wa ukingoni una mwenyewe, ni ekwar ya familia fulani, mbuzi wao ndio wanaokula maganda yake ya mbegu wakati wa kiangazi na mwingine asiguse, sikuuliza miti ile ni ya nani. Nilikuwa nimekaa barabarani mno. Nilikwenda kwa wakubwa, nikapata karatasi yenye muhuri, nikaona yamekwisha. Miezi minane hakuingia mgonjwa hata mmoja. Nikanunua kipaza sauti. Nikabandika mabango. Nikawaambia wafadhili kwamba watu wetu bado wamelala. Mwezi wa saba wa kungoja, mama mmoja mwenye uchungu wa uzazi akapita mbele ya lango letu, nami nimesimama palepale nikimpungia mkono aingie, akageuza uso, akaendelea kwa miguu kuelekea mjini. Alijifungulia njiani. Mtoto hakulia.

Jebet, ngoja, usilie, nina pumzi kidogo.

Alikuwa mkazamwana wa Nakuleu, mjane mwenye ile miti.

Na aliyeligundua kosa si mimi. Ni huyu Elyse, ametoka Kongo, wakati ule ana miezi mitano kambini, amekuja kuomba kazi ya kufundisha. Aliitazama seng'enge, akawatazama mbuzi waliosimama nje wakiyatolea macho maganda yanayoozea ndani, akaniuliza, "Papa Aukot, hii miti iko ya nani?" Kwanza nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikakaa chini. Yeye ndiye aliyeniinua tukaenda kwa Nakuleu. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kusema kwa kipaza sauti mnajua. Kuuliza ndiko hamjui." Niliikata seng'enge kwa mikono yangu, watu wakitazama, nikajikata vidole viwili pia kwa sababu kazi yenyewe siijui. Wiki ileile Nakuleu akaja na goti lake bovu. Siku hizi wanafunzi wa Elyse wanasomea kwenye kivuli cha miti yake, alfajiri, kabla hawajatoka na mbuzi, na mkazamwana wake amezaa wengine watatu mikononi mwa mama yenu na Akoru, wote wanalia hadi unawaomba waache.

Kwa hiyo kiti changu ni cha Elyse.

Erupe, nimepata habari ya uliyoyasema mbele ya baba zako wadogo, kwamba shirika la Waturkana haliwezi kuongozwa na mkimbizi, na kwamba akikalia kiti yeye, wewe utaondoka na nusu ya wafanyakazi. Unaweza. Watakufuata, una mdomo mtamu, umenishinda hata mimi, na zahanati itafungwa kabla ya kiangazi kijacho. Lakini mwezi uliopita uliniletea ramani ya wodi ya kina mama, nzuri kabisa, nikaivalia miwani, nikaitafuta ile miti kumi na mmoja. Sikuiona. Mahali pake umechora maegesho ya magari. Sikukasirika, mwanangu. Nilijiona mimi mwenyewe, ila mwenye nywele. Uwe msaidizi wake. Utusemee kwa wakubwa wa kaunti na kwa wafadhili, kazi ambayo yeye haiwezi wala haitaki. Vibali vyake vya kazi viko kwenye faili la kijani, nimevifuatilia miaka mitatu. Nakuomba, sikuamuru. Nguvu ya kuamuru imekwisha.

Nizikeni Lokori, asubuhi, kabla ya jua kali, na hotuba ziwe fupi.

Leteni maji. Si ya kunywa, ya baraka. Nataka kumnyunyizia Elyse kama baba anavyomnyunyizia mwanawe... mkono haupandi. Mnaona? Haupandi. Erupe, chota wewe, mimi niseme. Au kaa tu. Ukikaa, nitaelewa.

Ah.

Umejaza mno, umemlowesha mwalimu wa watu mzimamzima. Akoru, mpe kitambaa. Cheka tu, Elyse. Sasa itikieni. Watoto wa Tarach wawe na afya. Wasome. Mbuzi wapate maji. Na nyinyi watatu... mkae karibu, hivyo hivyo... Erupe. Chota tena, baba. Kidogo, safari hii. Nami pia... ninyunyizie.