Daktari Aliyefundisha Kushona kwa Godoro la Nyumbani

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, marehemu alikunywa chai akiwa amesimama, kama miaka yote. Mumewe, fundi viatu, alimwambia aketi. Akajibu kwamba kukaa ni kwa wagonjwa. Kisha akalalamika kuwa godoro limemuumiza mgongo. Mzee akamkumbusha ni nani aliyelikata.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa tatu wa mkunga. Alisoma udaktari, na mwaka 1984 akahitimu ubingwa wa upasuaji. Alikwisha kuolewa mwaka 1979 na mtu aliyeishia darasa la pili. Mashemeji waliuliza hao wawili wataongea nini. Alisema ataongea yeye.

Alifundisha madaktari wanaosomea ubingwa. Walimwita Mama Shona Tena. Hata alipostaafu, Jumamosi walijaa sebuleni, wakakata godoro la wenye nyumba na kulishona, akafumua, wakashona. Mzee amelalia mishono ya mabingwa wengi.

Kilichomuudhi kisifichwe leo. Mabingwa wenzake waliwaachia wanafunzi wodi, wakaenda kwenye kliniki zao. Mwaka mmoja wanane walifanya mtihani wa bodi, akafaulu mmoja. Kikao kikasema vijana ni wavivu. Marehemu akauliza ni nani kikaoni aliyewahi kusimama na vijana hao kwenye meza ya upasuaji. Jibu alilopewa ni kwamba amechoka, astaafu.

Asubuhi ile ya chai ilikuwa Jumanne, tarehe 2 mwezi huu. Kabla ya adhuhuri utumbo ulijisokota ukaziba, ikabidi apasuliwe haraka. Hospitalini alikuwepo kijana mmoja tu anayesomea ubingwa, mwanafunzi wake wa godoro. Alimpigia bingwa wa zamu, mwalimu wake wa wodini, simu ikaita mpaka ikazimwa. Kungoja kungemuua, basi akapasua peke yake. Marehemu aliamka, akaongea na watu wake. Baadaye sumu ikaenea kwenye damu, na Ijumaa tarehe 5 akafariki.

Kijana amesimamishwa kazi, na mtihani wake wa bodi umezuiwa. Bingwa ameleta maua. Yapo pale.

Ameacha mume, mabinti wawili na wajukuu watano. Alale salama, ingawa familia bado inadai jibu. Alhamisi jioni alimshika mumewe mkono, na maneno yake yasomwe kama yalivyo:

"Mzee wangu, huyo mtoto msimguse. Mtafuteni mwalimu wake, mumuulize alikuwa wapi."