Mzee Bado na Maji ya Kisima cha Saba

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mazingira. Mwalimu Mkuu wa shule jirani na wazazi mliofuatana naye. Wenzangu wa maabara na wa uwanjani. Mama, mke wa mstaafu wetu, pamoja na wanao na wajukuu. Wageni wetu wote: habari za mchana.

Nimepewa dakika tano. Mzee wetu angepewa hizo tano, angezimaliza akivaa glovu.

Kwa miaka ishirini na sita amepima maji ya chini ya ardhi pale kwenye bohari la zamani la mafuta, ambako matangi yaliyotoboka yaliuchafua udongo. Kisima kipya cha kupimia kikichimbwa, yeye ndiye wa kukisafisha: anakoroga, anavuta tope kwa pampu, anainua chupa juani, anaitikisa, anaguna. Dereva wetu humaliza gazeti zima, hadi matangazo ya vifo, ndipo aulize, "Mzee, tayari?" Naye hujibu, "Bado." Basi jina likamganda. Mama, nasikia hata jikoni huyaachia maji ya bomba yatiririke kwanza, huku ameyakodolea macho kama askari. Pole sana.

Lakini ndugu zangu, leo nina la kukiri.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa usimamizi. Kisima cha saba kiko kwenye ua wa shule, na ofisi ilitaka majibu upesi. Nikashuka garini na viatu vyangu vya ofisini, nikamkuta ndiyo kwanza anashusha pampu.

"Mzee, maji ni maji," nikamwambia. "Chota twende."

"Mwanangu, haya yamelala ndani ya bomba la kisima wiki nyingi, petroli imeshapotelea hewani. Tuyatoe kwanza, tusubiri yanayotoka ardhini."

Nani alisubiri? Si mimi! Nilichota mwenyewe, nikaondoka. Majibu yangu yakatoka safi, nami nikaandika ripoti kwa mwandiko wa mtu anayengoja kupandishwa cheo.

Yeye alibaki. Aliendesha pampu hadi saa kumi jioni, akiandika vipimo kila baada ya dakika tano, mpaka vitatu vilivyofuatana vikakubaliana. Hapo ndipo alipojaza chupa zake, akazipeleka maabara mwenyewe. Majibu yake yalipotoka, petroli ilikuwa mara kumi ya kiwango kinachoruhusiwa. Na watoto wa shule ile walikuwa wakinywa maji ya kisima kilichokuwa hatua themanini tu kutoka hapo.

Angeweza kunipita akaenda moja kwa moja kwa wakubwa, na nani angemlaumu? Badala yake aliziweka karatasi mbili mezani kwangu, yangu na yake, akasema, "Bosi, kisima kimoja, majibu mawili. Mwenye kutia sahihi ni wewe." Akaenda zake kuosha vyombo.

Asubuhi ileile, kabla ya mapumziko ya saa nne, nilikuwa mlangoni kwa Mwalimu Mkuu, karatasi zote mbili mkononi. Mwalimu hakuuliza la pili, alitoka na kufuli akaifunga pampu ya kisima cha shule. Watoto wakanywa maji ya kuletwa na magari kwa miaka miwili, huku sisi tukisafisha ardhi. Tulipochimba kutafuta mwisho wa yale mafuta, tulikuta yamebakiza hatua thelathini tu kukifikia kisima chao.

Mheshimiwa Mkurugenzi, naam, unalisikia leo kwa mara ya kwanza. Naomba unihukumu baada ya chakula.

Mzee hakumwambia mtu. Ripoti ya pili ilitoka na jina langu, na sifa nikapewa mimi, nami, Mungu anisamehe, nikazipokea. Jana, akinikabidhi funguo za visima, nilimuuliza kwa nini alininyamazia miaka yote hii. Alizihesabu funguo zote kwanza, mnamjua, kisha akasema:

"Ulikuwa na haraka, mwanangu, hukuwa na ubaya. Haraka hutibika."

Mama, tulimwazima mumeo kwa muda mrefu. Tunakurudishia akiwa mzima, na shukrani zetu zote. Nanyi nyote, asanteni kwa masikio yenu. Sasa simameni, tumpigie makofi mwenye sifa zake.